Kiporo cha wali: moto hautoshi

SWALI: Shikamoo mama. Napika kwenye mgahawa hapa Ngamiani, Tanga. Wali unaobaki usiku tunauacha jikoni kwenye sufuria, tunaufunika, asubuhi tunaupasha mpaka unafuka moshi. Wiki iliyopita wateja watatu walikula kiporo saa mbili asubuhi, saa tano wakaanza kutapika. Bosi anasema wali ulipashwa vizuri, labda maji. Mimi sina amani. Nisaidie.
Mpishi, Ngamiani

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa barua siwezi kuapa kuwa ni wali, na maji ya kunywa yachemsheni vilevile. Ila hizo saa zako zimenishtua. Kuna kijidudu kinaitwa Bacillus cereus, kinakuja na mchele wenyewe, na mbegu zake hazifi wali unapoiva. Wali ukikaa na uvuguvugu, mbegu zinaamka, vijidudu vinazaana na kumwaga sumu. Sumu hiyo moto hauiwezi. Pasha mpaka ukoko uungue, bado imo. Aliyeila hutapika ndani ya saa moja hadi sita.

Na mimi nimepita hapo. Nilikuwa napika mgahawa mmoja karibu na stendi, sufuria ya kilo kumi. Nikaifunika saa tatu usiku. Alfajiri saa kumi na moja nikachota katikati kwa mwiko: juu wali umepoa, katikati una uvuguvugu kama uji wa mtoto. Usiku kucha! Kunawa mikono nilikujua, cheti cha kupimwa afya nilikuwa nacho, lakini habari ya katikati ya sufuria hakuna aliyewahi kuniambia. Ndiyo maana nakuandikia kirefu.

Wali ukibaki, umwage kwenye sinia pana, unene wa vidole viwili tu, ufunike kwa kawa ili mvuke utoke na nzi wasiingie. Ukishapoa uingie kwenye friji, na yote hayo yasizidi saa mbili tangu utoke motoni. Kesho upashe mara moja, uwe moto mpaka ndani; ukibaki tena, mwaga. Hamna friji? Basi kiporo kisiuzwe. Wa nazi ndio usiujaribu kabisa. Na usingoje harufu ya kuchacha, maana sumu hii hainuki.

Wa mchana ukae kwenye hotpoti, uwe wa moto kweli, nyuzi 60 kwenda juu.

Bosi usimkabili mbele ya wenzako, atajiona umemvunjia heshima. Hesabu sahani zinazobaki kila usiku kwa wiki moja, uandike, umpelekee karatasi. Sisi zilikuwa zinabaki sahani sita karibu kila siku. Tukapunguza kilo moja ya mchele kwenye mpiko wa jioni, na sufuria ya kulaza ikakosa cha kulaza.