Sini ya korido kwenye Oldboy: ilipigwaje bila kukata?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kundi letu hapa Mwanza tunaandaa filamu fupi ya kisasi. Tumeitazama sana Oldboy ya Korea Kusini, hasa ile sini ya korido yenye nyundo. Tukijaribu kupigana kwa shoti moja bila kukata, ngumi zinaonekana za uongo, na steringi wetu anaishia kupiga makelele tu. Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Nianze na ngumi, maana hapo mwenye kosa ni kamera kabla ya mwigizaji.

Ngumi ya filamu haimgusi mtu. Inapita pembeni ya uso, na anayepigwa ndiye anayeifanya iaminike kwa kichwa, shingo na magoti yake. Ujanja huo unakubali pale kamera inapokuwa nyuma ya bega la anayepiga, au nyuma ya anayepigwa, ili ngumi, uso na lenzi vikae kwenye mstari mmoja. Nafasi iliyo kati ya ngumi na uso haionekani. Ukiihamisha kamera ubavuni, mtazamaji anaiona hewa yote. Nadhani ninyi mmeiweka ubavuni kwa sababu Park Chan-wook, mwongozaji wa Oldboy, aliiweka ubavuni.

Sasa itazameni tena ile sini, safari hii mkiangalia mikono tu. Oh Dae-su, aliyefungiwa chumbani miaka 15 bila kuambiwa kosa lake, amerudi kwenye jengo la mateso yake. Kamera ya Chung Chung-hoon, mpiga picha wa filamu hiyo, inatembea sambamba na wapiganaji kwa karibu dakika 3, kana kwamba ukuta mmoja wa korido umeng'olewa. Ngumi za usoni ni chache mno. Watu wanakabana, wanasukumana, wanaangukiana, wanatandikana magongo migongoni. Wamebanana kiasi kwamba pigo linapotua mara nyingi kuna mwili wa mtu mwingine umelikinga. Mapigo mengine yanakosa kabisa, na yameachwa yakose. Kisu kinachobaki mgongoni mwa Dae-su kiliongezwa kwa kompyuta. Jasho ni lao wenyewe. Walihitaji siku 3 na teki 17, yaani kuirudia shoti ile mara 17, kuipata.

Kinachoibeba sini hiyo kuliko mapigo ni uchovu. Kuna wakati Dae-su amezidiwa, yuko chini, wamemrundikia mateke. Anapoinuka, wale waliobaki wima wanarudi nyuma. Wamemzidi kwa idadi, ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumsogelea. Wengine wanagaagaa sakafuni wakishika mbavu, na kwa sekunde kadhaa hakuna anayempiga mwenzake, wote wanahema. Kwenye filamu nyingi za mapigano sekunde hizo zingekatwa. Hapa zimebaki, nazo ndizo zinazokufanya uamini kila pigo lililotangulia.

Kwa hiyo gawanyeni pambano lenu katika mafungu mafupi ya mapigo matano au sita, na kati ya fungu na fungu wekeni kituo: mtu ameanguka, mtu anatafuta silaha yake, mtu anaegemea ukuta. Fanyeni mazoezi polepole mpaka kila mmoja ajue mguu wake uko wapi, ndipo mwongeze kasi. Nyundo iwe ya mpira, magoti na viwiko vivalishwe pedi ndani ya nguo, na awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha kila kitu kwa neno moja, hata kama teki ilikuwa inakwenda vizuri. Hili la mwisho nawasihi msilipuuze. Mwigizaji aliyechoka kweli hukosea umbali, na hapo ndipo watu hung'olewa meno.

Sauti za mapigo wekeni wakati wa kuhariri, lakini rekodini mihemo ya waigizaji mara tu baada ya teki, kabla hawajakaa.

Kuhusu makelele: mwangalieni Choi Min-sik, anayemcheza Dae-su. Kwenye korido haongei karibu chochote. Hasira yake iko kwenye shingo na mabega, kwenye namna anavyoendelea mbele hata akiwa amepinda. Tena mwangalieni Yoo Ji-tae, anayemcheza adui yake. Naye ana kisasi chake, na sauti yake haipandi. Anazungumza kama mwenyeji anayekaribisha wageni. Utulivu huo ndio unaomtisha mtazamaji. Choi huja kupasuka kwa kilio na kupiga magoti karibu na mwisho, na sitawaharibia wasioiona, ila kilio kile kinauma kwa sababu alikuwa amekibana kwa muda mrefu.

Steringi wenu msimwambie "kasirika". Mpeni kazi: afike kwenye ule mlango wa mwisho, na hawa watu wako njiani. Dae-su naye ana lifti ya kufikia. Inafunguka, imejaa wahuni wengine, naye mwenye kisu mgongoni anatabasamu. Mwambieni kijana wenu atafute tabasamu la namna hiyo kwenye mazoezi, wiki nzima ikibidi, na makelele yatapungua yenyewe.