Wiki niliyompoteza mgombea na shemeji kwa pamoja

Uchaguzi mkuu wa 25 Oktoba 2015 uliangukia siku za mbalamwezi, na yeyote anayeishi kwa dagaa hapa Mwanza anajua maana yake. Mwezi ukiwa mkubwa, taa za wavuvi hupoteza nguvu ya kuwavuta dagaa, mitumbwi hulazwa mchangani na watu wa visiwani hukaa siku kadhaa bila kazi. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 27, matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 29, kwa hiyo siku zote za kusubiri zilitukuta katika soko la dagaa la Mwaloni Kirumba tukiwa na mizigo michache na simu mikononi. Ushauri wangu wa kwanza kwa mtu ambaye mgombea wake ameshindwa unatoka hapo: atafute kazi ya mikono kwa wiki ile, hata kama ni kushona magunia yaliyochanika, maana mimi sikuwa nayo na nikafanya niliyoyafanya.

Nilikuwa wakala wa upinzani katika kituo kimoja cha kupigia kura, chumba cha darasa chenye vumbi la chaki. Nilikaa humo tangu kabla ya saa moja asubuhi hadi kura zilipohesabiwa usiku kwa mwanga wa taa ya betri, nikasaini fomu ya matokeo ya urais, nikapewa nakala, na nyingine ikabandikwa nje. Edward Lowassa, mgombea wetu wa urais, alikuwa ameongoza katika chumba kile, si kwa kura nyingi, lakini aliongoza. Nilirudi nyumbani na karatasi hiyo mfukoni nikiwa na hakika kwamba nchi nzima imeamua kama chumba kile. Tume ya Uchaguzi ilipotangaza kwamba John Magufuli wa CCM amepata kura 8,882,935, sawa na asilimia 58.46, na Lowassa kura 6,072,848, sikuzipima namba hizo kwa kitu kingine chochote isipokuwa karatasi yangu, ambayo ilikuwa moja kati ya zaidi ya elfu sitini.

Naomba nieleweke. Simwambii aliyeshindwa anyamaze na kumeza kila anachopewa. Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa mgombea ambaye Tume imekwisha kumtangaza kuwa Rais, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilikuja kuamua Julai 2020 kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Mtu aliyefungiwa mlango wa mahakama hubaki na hasira isiyo na pa kwenda, na hasira ya namna hiyo humwangukia aliye karibu. Hata hivyo matokeo ya ubunge hupingwa Mahakama Kuu, kwa muda maalumu, na huko nakala ya fomu ina uzito kuliko kelele za kijiweni. Ukiwa nayo, itunze isilowe, kisha uipeleke kwa wanaoandaa shauri. Mimi ningeweza kuapa juu ya kile chumba kimoja. Jioni zangu zote nilizitumia kupigia kelele vyumba ambavyo sikuwahi kuvikanyaga.

Aliyekuwa karibu yangu ni shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, mwenye mitumbwi miwili Ukerewe, ambaye kwa miaka sita alikuwa akiniletea dagaa nimuuzie kama dalali wake. Yeye alimpigia kura Magufuli na hakuficha, kwani kwake mtu wa Chato alikuwa mtoto wa ziwa hili, na urais ukija huku alitaraji barabara na meli zitafuata. Siku ya matokeo niliituma katika kundi la WhatsApp la familia sauti ya mtu nisiyemjua, aliyedai kuwa kura za mkoa fulani zimegeuzwa, na chini yake nikaandika kwamba anayewapigia kura wezi naye ni mwizi. Sauti ile ilikuwa ya uongo. Kesho yake ndugu anayeishi mkoa huohuo alieleza hivyo kwa upole ulioniumbua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuwa imeanza kutumika mwezi uliotangulia, na bahati yangu ni kwamba walioisikia sauti hiyo walikuwa wakwe tu, ingawa mke wangu hakuiona kuwa ni bahati.

Giza liliporudi, mitumbwi iliingia majini na mizigo ikaanza kuja. Magunia ya shemeji nayajua hata kwa mbali, kwa sababu mkewe huyashona midomo kwa uzi mwekundu, mshono wa kupishana. Asubuhi moja niliyaona yakipita migongoni mwa wapagazi, nikayahesabu hadi kumi na nane, yakaishia kwenye kizimba cha dalali mwingine mkabala na changu. Shemeji mwenyewe alisimama akanisalimu kwa adabu, akauliza hali ya dada yake, akaenda zake. Angenitukana ningepumua.

Kosa lililofuata lilikuwa kubwa kuliko lile la kwanza, nalo ndilo ninaloliona kwa watu wengi. Nilimsubiri akiri kwanza kwamba uchaguzi haukuwa wa haki, ndipo nimwombe radhi. Nadhani naye alinisubiri nimtambue Rais. Miezi minne ikapita hivyo, wakati deni langu kwake lilihusu neno moja, "mwizi", na ningeweza kulilipa bila kubadili hata nukta ya maoni yangu juu ya Tume. Mambo hayo mawili yatenganishwe mapema, kabla hayajaota mizizi.

Nilikuwa pia na deni la fedha, shilingi 340,000 za magunia ya Septemba. Machi 2016 nilipanda meli ya Nansio nikiwa nazo, nikatunga hotuba njia nzima, na nilipofika nikaiacha. Nilisema tu kwamba fedha hizi hapa, na neno lile halikuwa la kumwambia kaka wa mke wangu. Alizihesabu mara mbili, kama kawaida yake, akaagiza chakula. Mama mkwe ndiye aliyeuliza kwa sauti kama tumemaliza hizo kura zetu. Hakuna aliyemjibu. Jambo moja namshukuru shemeji hadi leo: hakuwahi kuniuliza, "Si mlisema mtashinda?" Walioshinda wangejizuia kuuliza swali hilo kwa mwezi mmoja tu, nusu ya ushauri huu usingehitajika.

Haya nayasema kwa waliopoteza mgombea. Waliozika watu wao baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 wana msiba, na sitawapimia kwa kibaba cha ugomvi wangu na shemeji.

Ijumaa ya 1 Machi 2019 habari zilienea Mwaloni kwamba Lowassa amerejea CCM, chama alichokihama mwaka 2015 akaja kuwa mgombea wetu. Vijana wa kubeba mizigo walinitazama kwa chini chini. Simu ikaita, nikaona jina la shemeji, nikaiacha ikakatika. Ilipoita tena niliipokea. Aliuliza gunia linakwendaje, nikamtajia bei, akasema ataleta ishirini na mbili Jumapili, nimwandalie turubai kwa sababu mawingu yalikuwa yamefunga upande wa kisiwani.