Kwa mwandishi mpya anayeanza kuripoti kesi katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam

Wengi mnaoletwa mahakamani siku hizi mmetoka darasa la fasihi au la uandishi wa habari, na kesi mnayoijua ni ya vitabuni. Si vibaya, nasi tulianzia hukohuko. Ila tuelewane mapema: kitabuni mtu anajiokoa kwa ulimi wake. Kisutu kesi inasimama au kuanguka kwa kilichoandikwa kwenye jalada.

Chukua Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafundisho ya uanasheria, Majivuno anamwaga tuhuma, halafu mshtakiwa anapewa siku sita za kujitetea. Anazitumia kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi, wakaishia kifungoni. Mwisho anaachiwa huru, na wale sita wanafunguliwa. Tamu sana. Lakini ukienda Kisutu kumsubiri Karama utasubiri mpaka mahakama ifungwe. Mshtakiwa wa kwetu anasema maneno mawili matatu, anapangiwa tarehe, anarudi kwenye karandinga kuelekea gereza la Segerea au Keko.

Kwa hiyo kabla hujaingia ndani, muulize karani kama kesi imekuja kutajwa au kusikilizwa. Ikiwa ya kutajwa, Wakili wa Serikali atasema upelelezi haujakamilika, ataomba tarehe nyingine, utetezi utalalamika kidogo, hakimu ataahirisha. Dakika tano zimekwisha. Kwenye shtaka la mauaji ndiyo kabisa: washtakiwa wanasomewa, kisha wanaambiwa hawatakiwi kujibu chochote kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya namna hiyo, mwenye mamlaka ni Mahakama Kuu. Sasa kijana anakwenda kuandika kwamba "walikaa kimya walipoulizwa." Waliulizwa na nani?

Hapo kwenye kukiri na kukana ndipo pa kuwa macho kuliko pote, na ndipo wageni wanapoharibu. Sikiliza mfano huu, ni wa kila wiki. Kijana kasomewa shtaka la kupatikana na simu ya wizi. Hakimu anamuuliza, "Ni kweli au si kweli?" Anajibu, "Ni kweli mheshimiwa, simu nilikuwa nayo, ila niliinunua Kariakoo, sikujua kama ni ya wizi." Nyuma waandishi wawili tayari wanaandika kwamba amekiri. Hakimu anainamisha kichwa, anaandika, anasema, "Mahakama inaandika kuwa umekana shtaka." Na yuko sahihi. Kosa lile linataka mtu awe alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, kwamba mali ni ya wizi, na huyu amesema hakujua. Hata angesema "ni kweli" tupu, bado asingetiwa hatiani papo hapo: upande wa mashtaka ungesoma maelezo ya tukio zima, naye angeulizwa tena kama anayakubali. Kalamu yako iendane na ya hakimu. Mwenye simu akikuta gazetini kwamba kijana amekiri, atakuja mahakamani akijua kazi imekwisha, na mama wa kijana hatalala.

Jambo la pili ni vielelezo. Shahidi akitoa hati, utetezi huulizwa kama una pingamizi, hakimu anaipokea na kuipa namba. Wengi hapo hurudi kwenye simu zao. Wewe endelea kusikiliza, maana baada ya kupokelewa hati inatakiwa isomwe kwa sauti ili mshtakiwa ajue kilichomo. Isiposomwa, Mahakama ya Rufani ina kawaida ya kuiondoa kabisa kwenye kumbukumbu, na yapo mashtaka mazito yaliyobaki hayana miguu kwa sababu hiyo. Mtaani watasema jambazi ameachiwa kwa hongo. Aliyekuwepo siku ile na daftari lake anajua kilichotokea, na msomaji anahitaji mtu wa kumweleza hivyo bila kumzungusha. Vivyo hivyo na safari ya kielelezo: nani alikikamata, nani alikipokea, kilifungiwa wapi, nani alikipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Majina hayo yanachosha kuyaandika. Yaandike.

Kuna tamthilia ambayo karibu kila mmoja wenu ameisoma au kuisikia, Mabepari wa Venisi ya Shakespeare, iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere na kutoka mwaka 1969. Walimu wanapenda ile sehemu ambapo Shylock, mkopeshaji, anadai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake, na Portia, aliyejifanya mwanasheria, anamwambia aikate bila kumwaga damu. Nami naipenda, lakini isome tena kwa jicho la mtu wa mahakama. Portia ni mke wa Bassanio, ambaye fedha zilikopwa kwa ajili yake, na amekuja kwa jina na mavazi ya kuazima. Kwetu angeombwa ajitoe kabla hajavuta kiti. Halafu Shylock aliingia na shauri la madai, akatoka amenyang'anywa mali, maisha yake mikononi mwa mtawala, na dini amebadilishiwa. Hati ya mashtaka alisomewa lini? Ukumbi mzima unapiga makofi na hakuna anayeuliza. Mimi nasema hiyo ndiyo sehemu ya kusomea kazi hii: siku chumba kizima kinapofurahi, wewe angalia kama yule anayeshindwa amepewa nafasi ya kujibu.

Na Mwalimu kizimba alikuwa anakijua. Mwaka 1958, hapahapa Dar es Salaam, alishtakiwa kwa kashfa kutokana na makala ya Sauti ya TANU, jarida la chama chake, iliyowagusa maofisa wa wilaya wa kikoloni. Mawakili walikuwepo, D. N. Pritt akiwa mmoja wao. Bado alitiwa hatiani, faini shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa. Kumbuka hilo ukitaka kuongeza chumvi kwenye habari: kalamu nayo hushtakiwa.

Mambo madogo sasa. Picha usipige ndani bila ruhusa. Mtoto jina lake haliandikwi, awe mshtakiwa au shahidi. Nje kwenye korido kaa na ndugu za washtakiwa, maana habari ya dhamana iko kwao: mdhamini mmoja kaja bila barua ya serikali za mitaa, mwingine barua anayo lakini haina muhuri, na saa nane inakaribia. Mtu anaweza kulala rumande akiwa na dhamana iliyo wazi kwa sababu ya muhuri tu. Hayo hayatangazwi na hakimu, utayapata kwa kusalimia watu vizuri na kukaa nao.

Hukumu zisome mwenyewe kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure. Nyingi ni za Kiingereza, kwa kuwa kwa miaka mingi shahidi alisema Kiswahili na hakimu akaandika Kiingereza. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Ukitaka kukisikia kikifanya kazi tangu zamani, nenda Mahakama ya Mwanzo, Magomeni au Kariakoo, ambako kwa miaka mingi hakimu aliketi na wazee wa baraza. Ningekuwa na uwezo, kila mgeni angeanzia huko kabla ya kukimbilia kesi za wakubwa.

Mwisho, hukumu ikitoka usifunge daftari. Kwa kesi ya jinai ya Mahakama ya Hakimu Mkazi, anayetaka kukata rufaa hutoa notisi ndani ya siku 10 na kuwasilisha sababu ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi hauhesabiwi, na nakala hizo huweza kuchelewa. Basi ukipiga simu siku ya 46 ukaambiwa hakuna rufaa iliyofika, usiandike kwamba mshtakiwa ameridhika. Muulize kwanza wakili wake kama nakala wameshapewa.