Uchambuzi wa mahitaji ya mafunzo kwa kozi ya taipu: usianzie kwenye saa

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuchukua ratiba ya kozi ya taipu (mafunzo ya fundi kwa aina moja ya ndege) ya chuo kingine, ubadilishe jina la ndege, halafu uiwasilishe kama uchambuzi wa mahitaji ya mafunzo. Hapana. Nimeishi na matokeo ya kozi ya namna hiyo, tena hapahapa Mtwara.

Nilisoma taipu ya ndege ya pangaboi, yaani ya injini ya turbini inayozungusha panga, kwenye chuo kimoja nje ya nchi. Tulipofika sura ya 30 ya ATA (mpangilio wa namba za mifumo ya ndege), ile ya kinga ya barafu na mvua, mwalimu alituangalia akasema kwenu joto, hii tutaipita haraka. Tukaimaliza kabla ya chai. Mwaka uliofuata nikiwa zamu uwanjani, rubani akaandika kwenye logi kwamba mpira mmoja wa kuvunjia barafu kwenye ukingo wa mbele wa bawa haujai hewa. Abiria wa Dar wameshakaguliwa, wengine na maboksi yao ya korosho. Nilijua mpira ule ni nini, lakini mfumo wa hewa unaoulisha, vali zake na mpangilio wa kujaa kwake, sikuwa navyo kichwani. Nikahangaika na vali kwa muda mrefu kabla mzee mmoja fundi hajaniambia, "Mwanangu, lete maji ya sabuni." Tukapaka kwa brashi, tukajaza hewa. Povu likachomoza kwenye mpasuko mdogo kuliko ukucha. Jua la kusini lilikuwa limeula ule mpira.

Ardhini Mtwara hakuna barafu, kweli. Lakini futi 20,000 juu ya Rufiji kuna baridi ya kugandisha, na ndege ni ileile.

Ndiyo maana uchambuzi unaanza na kazi. Fungua mwongozo wa matengenezo wa ndege yenyewe, ripoti ya bodi ya mapitio ya matengenezo, maagizo ya usalama, taarifa za mtengenezaji, na kumbukumbu za hitilafu za ndege zenu. Kwa kila mfumo jiulize: fundi atafanya nini hapa, mara ngapi, na akikosea nini kinatokea? Hapo ndipo unapopata malengo ya somo na kiwango chake cha kina, 1, 2 au 3. Saa zinakuja mwisho.

Nazo saa, wengi wanazisoma vibaya. Kwa kanuni za Ulaya za leseni za mafundi wa ndege, Part-66, nadharia ya B1.1 (leseni ya fundi wa ndege za injini za turbini) kwa ndege yenye uzito wa juu wa kuruka wa zaidi ya kilo 5,700 hadi 30,000 ina kima cha chini cha saa 120. Ikizidi kilo 30,000 ni 150. Ndege ya pangaboi ya Q400 inaangukia kundi la kwanza, ndege ya jeti ya A220 la pili. Saa moja ni dakika 60 za kufundisha. Mapumziko, mtihani na marudio havihesabiwi, na kwa siku mwisho ni saa 6. Kwa hiyo 120 ni siku 20 kamili za darasani. Hicho ni kima cha chini tu. Uchambuzi wako ukionyesha 138, andika 138 na uzitetee mbele ya mkaguzi. Kama mnafuata kanuni zetu za TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, shika maandishi yao, usishike yangu.

Jambo jingine linalosahaulika: wanafunzi wako ni nani? Fundi aliyetoka kwenye ATR, nayo ni ndege ya pangaboi, anaijua injini yake. Aliyetoka kwenye ndege ndogo za pistoni anahitaji kusogezwa taratibu. Bila kuandika kiwango cha kuingilia, saa zako hazina msingi.

Kwa vitendo, usichague kazi rahisi ili tu ifike ile nusu ya orodha ya kazi za vitendo inayotakiwa na kanuni. Sisi tuko pwani. Chumvi inakaa kwenye kompresa ya injini, kwenye viunganishi vya umeme, kwenye miguu ya ndege. Kuosha kompresa na kutambua kutu mapema viwe vya kushika kwa mkono, fundi alowe.

Na uchambuzi haufungwi kabatini. Maoni ya wanafunzi, hitilafu mpya na mabadiliko ya mtengenezaji vyote vinaurudisha mezani.

Anza na sura ya 30, mkuu. Ukimaliza jedwali lake liweke hapa tulipitie.