Swali la lugha: "Kusafisha damu" au kupunguza chuma?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi hapa Mtwara. Mtoto mwenye selimundu (sikoseli) aliyeongezewa damu mara nyingi akiandikiwa dawa ya chuma kilichozidi, wenzangu humwambia mama yake "mwanao anasafishwa damu". Ni sahihi? Na tiba yenyewe, hiyo "kilesheni" (kwa Kiingereza chelation), tuiiteje? (Msomaji, Mikindani)

Jibu: Marahaba. "Kusafisha damu" waachieni wagonjwa wa figo. Kwa mazoea yetu anayesafishwa damu ni yule anayeunganishwa na mashine, na mama akilisikia ataanza kuulizia mashine na gharama zake. Isitoshe, chuma kinachotisha hapa kimejikita kwenye ini na moyo. Kila chupa ya damu huja na miligramu 200 hadi 250 za chuma, ilhali mwili hupoteza miligramu 1 au 2 tu kwa siku na hauna njia ya kutoa ziada.

Hata "kuondoa chuma" silipendi. Mama huyohuyo alipokuwa mjamzito aliambiwa ale mchicha na kisamvu apate madini ya chuma; leo asikie chuma kinaondolewa, atakuelewaje? Sema "dawa ya kupunguza chuma kilichozidi mwilini". "Kuondoa" kunafaa kwa risasi na zebaki, ambazo mwili hauzihitaji hata chembe. Na risasi usiitaje peke yake: tangaza Mikindani kwamba mtoto ana risasi mwilini, watu watauliza nani kampiga. Sema "madini ya risasi".

Kilesheni asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya gando la kaa, kwa kuwa dawa huibana metali kama gando libanavyo. Kwenye maandishi ya kitaalamu ningeandika "tiba ya kunasa metali". "Kuopoa" kingekuwa kitenzi kitamu zaidi kwa watu wa pwani, ila vijana wameshakiharibu.

Lakini "kunasa" husema nusu tu ya kazi, kwani kilichonaswa lazima kitoke, kwa mkojo au kwa choo. Hilo lieleze kwa mdomo, hasa kwa anayepewa deferoksamini, mojawapo ya dawa hizo za chuma, maana mkojo wake huweza kuwa mwekundu. Mama aliyeambiwa mwanawe anasafishwa damu akiuona, ataamini damu yenyewe inamwagika. Mwambie mapema kuwa ni chuma kinatoka pamoja na dawa.