Uzani wa Zege kwa Trekta Ndogo

SWALI: Ndugu Mhariri, nina shamba upande wa Ganda, Malindi, na trekta ndogo yenye ndoo ya kupakia mbele. Kila ninapoijaza ndoo samadi, magurudumu ya nyuma huinuka na kuzunguka bure. Nataka kumwaga zege ndani ya nusu ya pipa la lita 200 nilitundike nyuma. Je, naweza kutumia mchanga wa ufuoni na vipande vya matumbawe, ambavyo havinigharimu kitu? Wazee wetu walijengea hivyo, na kuta zao zingali zimesimama. – Msomaji, Ganda

JIBU: Ndugu msomaji, nashukuru kwamba umeuliza kabla ya kumwaga. Mchanga wa ufuoni usiutumie kabisa. Kuta za magofu ya Gede zimedumu karne nyingi kwa mawe ya matumbawe na chokaa, lakini ndani yake hamna nondo. Uzani wako utaning'inia kwenye chuma kilichozikwa ndani ya zege, na chumvi ya bahari hukila chuma hicho polepole. Kutu huvimba, zege likapasuka kutoka ndani, na siku utakapoziona nyufa huenda chuma kimekwisha kuliwa. Tafuta mchanga wa mto uliochotwa mbali na mlango wa Mto Sabaki, ambako maji ya bahari huingia. Matumbawe nayo ni mepesi, yamejaa vitundu, ilhali wewe unatafuta uzito. Nunua kokoto ya jiwe gumu.

Meta moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi, kwa hiyo nusu ya pipa lako itakupa takriban kilo 240. Usidhani ni chache. Trekta hupinduka mbele kwa kuegemea ekseli ya mbele, na uzani ulio nyuma ya magurudumu makubwa uko mbali sana na ekseli hiyo. Tuseme samadi ya kilo 300 iko meta 1.5 mbele ya ekseli ya mbele, na zege liko meta 2.6 nyuma yake: 300 mara 1.5 ni 450, na 240 mara 2.6 ni 624, kwa hiyo zege linaishinda samadi. Hata hivyo, soma kwanza kitabu cha trekta yako ujue haidroliki, yaani mfumo wa mafuta unaoinua mikono ya nyuma, inaruhusiwa kuinua kilo ngapi.

Pipa lililowahi kuwa na petroli au dizeli usilikate kwa moto wala kwa mashine inayotoa cheche, kwani mvuke uliosalia hulipuka. Chagua lililokuwa na mafuta ya kupikia. Mwambie fundi wa kuchomelea apitishe chuma kimoja cha duara upande hadi upande, ncha zake ziwe pini za kuingia kwenye mikono miwili ya chini iliyo nyuma ya trekta, kisha ainue bapa mbili za chuma kutoka hapo hadi kwenye pini ya mkono wa juu, ili mzigo wote ubebwe na chuma. Trekta nyingi ndogo hutumia pini za milimita 22 chini na 19 juu, lakini pima zako. Litundike pipa likiwa tupu, liinue hadi mwisho, uone kama linagusa tairi.

Changanya ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na tatu za kokoto; mfuko mmoja wa kilo 50 utatosha na kubaki. Maji yasizidi lita 5 kwa kila kilo 10 za saruji. Shindilia kwa kipande cha nondo mpaka mapovu yaishe. Kwa jua letu la pwani, lifunike zege kwa magunia mabichi siku 7, na usilitundike kabla ya siku 28.

Ukianza kazi, beba ndoo ya mbele karibu na ardhi. Trekta nyingi ndogo zina breki kwenye magurudumu ya nyuma pekee, na gurudumu lililoinuka haliwezi kukusimamisha mteremkoni. Ukimaliza, lishushe zege chini kabla ya kuzima injini, watoto wasije wakacheza chini yake.