Windows 11: kufungua vilivyofichwa ni rahisi, shida ni kuvifunga

Mkuu, kama nimekuelewa: mwenzako wa ofisini ana ile menyu mpya ya Start yenye programu zote kwenye ukurasa mmoja, wewe huna, na wote mko Windows 11 toleo la 25H2. Umesikia kuna kidude kinaitwa ViVeTool cha kuilazimisha itokee, ila unaogopa kuiua kompyuta. Nimekitumia tangu 2022, na kimeshanitoa jasho, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Hiyo Start pengine unayo tayari, imelala tu. Ilikuja na sasisho la KB5067036, mwishoni mwa Oktoba 2025. Microsoft hawawashi kitu kwa wote siku moja: wanawasha kwa kundi dogo, wanaangalia kama kuna kinachoanguka, ndipo wanaongeza kundi jingine. Mwenzako kaangukia kundi la mbele, basi. Ndani ya Windows kila kipengele cha aina hii kina namba yake na swichi yake, na ViVeTool inabonyeza hiyo swichi kwa niaba yako. Hakiletwi kitu kipya kutoka nje, na leseni haiguswi. Nasema hivi kwa sababu kuna watu humu wakisikia "kufungua" wanadhani tunaongelea kukraki.

Sasa yaliyonikuta. Nina steshenari ndogo karibu na chuo: kuprinti, kutoa kopi, kuskani vyeti. Mwaka 2022 habari ilikuwa vichupo kwenye File Explorer, yaani kufungua folda nyingi kwenye dirisha moja kama unavyofanya kwenye Chrome. Kwa mtu anayepokea flashi thelathini kwa siku, hicho kitu kilikuwa dhahabu. Nikaandika kwenye dirisha la amri (cmd):

vivetool /enable /id:37634385

Ikanijibu "Successfully set feature configuration", nikawasha upya, vichupo hivi hapa. Ningeishia hapo ningekuwa na amani. Lakini kwenye video moja nikaona mtu katupia namba nyingine mbili kwenye maoni, eti zinapendezesha upande wa kushoto wa dirisha. Sikuuliza ni za toleo gani la Windows. Nikazibandika saa nne asubuhi, siku ya kazi, kwenye kompyuta yenye printa. Ujinga wangu mwenyewe, simlaumu mtu.

Iliporudi, ule mstari wa chini wenye ikoni ulikuwa unatokea na kupotea kila baada ya sekunde tatu nne. Unajaribu kubofya kitu, kimeshapotea. Mbele yangu kasimama binti na ripoti yake ya mwaka wa mwisho kwenye flashi, anatakiwa kuikabidhi kabla ya saa sita. "Kaka, inawezekana au niende kwingine?" Nikamwambia subiri dakika tano, huku mikono inatetemeka.

Kilichoniokoa ni Ctrl+Shift+Esc. Task Manager inafunguka hata kama File Explorer inaumwa. Bofya Run new task, andika cmd, weka tiki kwenye kile kiboksi cha haki za msimamizi (usipoweka, ViVeTool itakukatalia), kisha nenda kwenye folda ulikoiweka. Nikapiga /disable kwa namba zote tatu, nikawasha upya, mstari ukatulia. Ripoti ikatoka saa tano na nusu.

Nikadhani yameisha. Oktoba 2022 Microsoft wakaachia vichupo rasmi kwa watu wa toleo la 22H2. Duka la jirani wakapata. Mdogo wangu kwenye kikompyuta chake chenye RAM GB 4 akapata. Mimi niliyekuwa navyo kabla yao wote, sina. Nikasasisha, nikasasisha tena, bando la wiki likaishia huko. Nilishaanza kunakili mafaili ya wateja ili nipige Windows upya, ndipo nikakumbuka kuuliza:

vivetool /query /id:37634385

Jibu: State: Disabled, na Priority: User. Yaani ni mimi niliyeweka kufuli, na amri ya mtumiaji inashinda ile inayotoka Microsoft. Nilipoandika /disable sikurudisha mambo yalivyokuwa, nilisema "sitaki hiki hata wakikileta". Amri niliyoihitaji ilikuwa /reset, ambayo inafuta uamuzi wako na kuiachia Windows iamue yenyewe. Nikapiga /reset, nikawasha upya, vichupo vikarudi. Hiyo tofauti sikuisikia kwenye video hata moja kati ya nilizotazama.

Kwa hiyo wewe sasa. Kabla ya ViVeTool, ingia Settings, Windows Update, uwashe swichi ya "Get the latest updates as soon as they're available". Inakusogeza mbele kwenye foleni kihalali, na mara nyingi inatosha ukisubiri siku kadhaa. Ningekuwa wewe na kompyuta ni ya ofisi, ningeishia hapo, hasa kama kuna mtu wa IT atakayekuja kuuliza nani kagusa nini.

Kama ni yako na huna subira, bonyeza Win+R, andika winver, itakuonyesha namba ya Windows yako. Ukiona 26200.7019 au zaidi, Start mpya imo ndani. ViVeTool ichukue kwenye tovuti ya GitHub, kwenye akaunti ya mtengenezaji wake, thebookisclosed, usikubali zipu ya Telegram. Hiki kitu unakipa haki za msimamizi, anayekupa chenye virusi umemkabidhi nyumba. Namba ya Start mpya ninayoijua ni 47205210. Iandike hiyo peke yake kwa /enable, washa upya, kaa nayo siku mbili ndipo ufikirie nyingine. Na kila namba unayogusa iandike kwenye daftari. La karatasi, mkuu, maana siku mambo yakiharibika hutaweza kufungua Notepad kuitafuta.

Njia ya Insider, ule mpango wa Microsoft wa kujaribu Windows kabla haijatoka kwa wote, ipo pia, ila chaneli ya Dev ukishaingia, kutoka mara nyingi ni kupiga Windows upya. Kwa menyu tu? Hapana.

Ukikwama weka hapa namba ya winver na kile /query ilichokujibu. Picha ya simu inatosha.